Doa kwenye kitokono, jioni ya siku ya pili: uchambuzi wa kisa kimoja cha safari jumuishi ya mitumbwi

Safari ilikuwa ya siku 5 ziwani. Watu 11: vijana 8 wa miaka 14 hadi 17 na viongozi 3, mmoja mkuu na wawili wa msimu, katika mitumbwi 5. Mitumbwi 4 ilibeba watu wawili wawili. Wa tano, mrefu kuliko mingine, ulibeba watatu. Kati ya vijana hao mmoja ni kiziwi, mmoja ana usonji, na mmoja, mwenye miaka 16, anatumia kiti mwendo tangu alipoumia uti wa mgongo. Watano waliobaki hawana ulemavu. Safari jumuishi hupangwa hivyo kwa makusudi: vijana wa rika moja wanaogawana kafi, sufuria na zamu za kuosha vyombo, bila kugawanywa kuwa wasaidizi na wanaosaidiwa.

Jioni ya siku ya pili kijana wa miaka 16 alijikagua ngozi kwa kioo kidogo ndani ya hema, kama afanyavyo nyumbani kila usiku. Akaona doa juu ya kitokono, upana wa sentimita 3 hivi. Akamwita kiongozi wa msimu aliyekuwa naye mtumbwi mmoja. Kesho yake mchana boti ya injini ilimchukua, na safari yake ikaishia hapo.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi hii. Si habari ya kundi moja mahususi. Hakina ajali, hakuna aliyepinduka wala kupotea. Ndiyo maana kinastahili kuchambuliwa kwa urefu: kila kiongozi hufunzwa kuokoa mtu aliyeanguka majini, lakini wengi huingia msimu wa kwanza bila kujua kwamba kukaa tu, kwa utulivu, kunaweza kumuumiza mtu.

Doa lenyewe

Kiongozi wa msimu alianza vizuri. Aliomba ruhusa kabla ya kuangalia, na alimwita kiongozi wa pili. Kijana wa miaka 16 hakaguliwi makalio na mtu mzima mmoja peke yake ndani ya hema, hata nia iwe njema kiasi gani. Kiongozi wa pili alikaa mlangoni upande wa kichwa cha kijana: yupo na anasikia, lakini haoni asichohitaji kuona. Kisha saa iliandikwa kwenye daftari, saa 1:20 usiku, na kijana akalala kifudifudi.

Kuandika saa ndiko kunakotenganisha kukagua na kubahatisha. Sehemu iliyobanwa ikiachiwa, damu hurudi kwa wingi na ngozi hubadilika rangi kwa muda. Hilo ni jambo la kawaida. Lisipoisha ndani ya dakika 30, kuna tatizo. Saa 1:50 doa lilikuwa palepale.

Mafunzo mengi ya huduma ya kwanza husema "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa, na kiongozi anayeusubiri atasema ngozi ni nzima hadi siku itakapopasuka. Kinachoonekana ni weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani, au rangi inayoelekea zambarau. Mwanga wa tochi ya kichwani huangazwa kutoka pembeni, si moja kwa moja, ili uvimbe mdogo utoe kivuli. Halafu mkono ufanye kazi: mgongo wa kiganja hupima joto, na ncha ya kidole hupima ugumu. Ngozi iliyoumia inaweza kuwa ya moto au baridi kuliko ya pembeni yake, ngumu zaidi au laini kama inayobonyea. Daima linganisha na sehemu iliyo sentimita chache kando.

Jaribio la kidole ni hili: bonyeza sekunde 3, achia. Ngozi isiyoumia hupauka kisha rangi hurudi. Isipopauka, mishipa midogo ya damu chini yake imeshaumia, na hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda cha mgandamizo, vile ambavyo wengi huviita vidonda vya kitandani. Kwa ngozi nyeusi sana jaribio hili laweza lisionyeshe chochote, kwa hiyo joto na ugumu ndivyo vya kuaminiwa. Katika kisa hiki ngozi ilikuwa haijapasuka, ilikuwa ya moto, na ilikuwa ngumu. Maumivu hayakuwepo, na kutokuwepo kwake hakukuwa na maana yoyote, kwa sababu kijana huyu hana hisia chini ya kitovu.

Fomu ilisema nini

Fomu ya kujiunga ilikuwa na mistari mitatu juu yake: anatumia kiti mwendo, anajitegemea, hana dawa. Yote kweli. Hakuna hata mmoja unaomsaidia mtu anayemtengenezea kiti cha mtumbwini.

Neno "anajitegemea" ndilo lililopoteza zaidi. Nyumbani kujitegemea kwake kumesimama juu ya vitu ambavyo mtumbwi unavinyang'anya: mto maalumu wa kiti mwendo, sehemu za kushika pande mbili, sakafu isiyoyumba, na choo kilicho karibu. Swali sahihi ni lile linalouliza namna: unakaa muda gani bila kuinuka? Unaupumzisha mwili kwa kuinama mbele, kuegemea upande, au kujinyanyua kwa mikono? Unakalia mto gani, na unaruhusiwa kulowa? Umewahi kupata kidonda, na wapi? Unatumia katheta, mrija wa kutoa mkojo, kila baada ya saa ngapi? Nani hukagua ngozi yako, na kwa kutumia nini?

Swali jingine halina mbadala: jeraha la uti wa mgongo liko usawa wa pingili ya ngapi? Kwa kijana huyu lilikuwa pingili ya 10 ya kifua, ndiyo maana hisia zake huishia kwenye kitovu na ana nguvu kamili ya mikono ila kiuno hakitoshi kumshikilia wima. Jeraha likiwa pingili ya 6 ya kifua au juu yake, kiongozi anapaswa kujua hatari nyingine: shinikizo la damu kupanda ghafla kwa sababu ya kibofu kilichojaa, nguo inayobana au ngozi inayogandamizwa. Dalili ni kichwa kugonga kwa maumivu, jasho na joto usoni na shingoni, mapigo ya moyo kwenda polepole. Hapo mtu hukalishwa wima mara moja, miguu ikashushwa, nguo zikalegezwa, katheta ikaangaliwa, na msaada ukaitwa. Ni dharura ya kuua. Fomu isiyosema usawa wa jeraha haijakamilika.

Mazungumzo haya hufanywa na kijana mwenyewe, mzazi akiwa karibu, na siyo kinyume chake. Vijana wa umri huu mara nyingi wanajua miili yao vizuri kuliko mtu yeyote, ila hawasemi wasipoulizwa.

Kiti

Viongozi walitoa benchi la katikati na kuweka kipande cha sponji isiyonyonya maji, ile ya mikeka ya mazoezi, unene wa sentimita 5, moja kwa moja kwenye sakafu ya mtumbwi. Nyuma wakaweka egemeo lililolala kidogo. Miguu ikanyooshwa mbele. Kwa mtu anayefikiria mtumbwi kupinduka, hiki ni kiti kizuri: uzito uko chini, mtumbwi hautikisiki, kijana ana pa kuegemea.

Kwa ngozi ni kiti kibaya, na sababu zake zinaeleweka. Mtu akikaa sakafuni na miguu iliyonyooka, misuli ya nyuma ya mapaja huvutwa na kuzungusha fupanyonga kurudi nyuma. Uzito unatoka kwenye mifupa miwili ya kukalia, ambayo ina nyama kiasi juu yake, na kuhamia kwenye kitokono, ambacho kina ngozi tupu. Egemeo lililolala linaongeza la pili: mwili huteleza mbele taratibu huku ngozi ikiwa imeng'ang'ania sponji, kwa hiyo mifupa inakwenda huku na ngozi inabaki kule. Mvutano huo huziba mishipa ya damu haraka kuliko uzito peke yake.

Jaketi okozi nalo lilichangia. Lilikuwa refu mgongoni na lenye sponji nene mpaka kiunoni. Likabanwa kati ya mgongo na egemeo, likamsukuma mbele, naye akateleza zaidi. Kisha maji: matone ya kafi na yale yaliyoingia wakati wa kupanda yalikusanyika sakafuni, na kaptura ikawa mbichi siku nzima. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi. Kaptura yenyewe ilikuwa na mfuko wa nyuma wenye mshono mnene.

Kiti kilichopaswa kuwepo kinatumia vitu vilevile, ila kwa mpango mwingine. Kwanza kitako kiinuliwe sentimita 8 hadi 12 kutoka sakafuni kwa tabaka za sponji ngumu zilizofungwa pamoja, zilizochongwa zikae vizuri kwenye sakafu ya mviringo zisiteleze. Kimo hicho kinatosha kukunja magoti na hakipandishi uzito hadi mtumbwi uwe mwepesi kuyumba. Juu yake uwekwe mto wa kijana mwenyewe kama ni wa vyumba vya hewa, kwa kuwa aina hiyo ni mpira na inavumilia maji; mto wa sponji au wa jeli wenye kitambaa haufai kulowa. Mto wa hewa hupimwa upya akiwa ameshakaa mtumbwini, maana mkao umebadilika: kiganja hupitishwa chini ya mfupa ulioshuka zaidi, na kati ya mfupa na sakafu ya mto zibaki sentimita 1.5 hadi 2.5. Hewa nyingi mno ni kosa sawa na hewa chache, na jua la mchana huongeza msukumo wake, kwa hiyo kipimo cha asubuhi kirudiwe.

Egemeo lisimame karibu wima. Chini ya magoti uwekwe mviringo wa sentimita 10 hadi 15, hata mfuko wa nguo usiopitisha maji unafaa. Visigino vikae juu ya sponji na viatu visivuliwe. Viringi visivyo na kitu katikati, vile vinavyouzwa kama mito ya kukalia, visitumike: vinabana damu kuzunguka sehemu ileile unayotaka kuiokoa. Jaketi okozi liwe fupi, lenye mgongo mwembamba chini.

Na hakuna mkanda. Mtu hafungwi kwenye mtumbwi, hata kwa mkanda unaofunguka kwa mvuto mmoja, hata kama kiuno hakishiki. Mkao hujengwa kwa umbo la kiti na sponji za pembeni. Mtumbwi ukipinduka anapaswa kutoka bila kufanya lolote. Hili hujaribiwa kwenye maji ya kina cha kiuno kabla ya kuondoka, kwa kiti kilekile na jaketi lilelile, viongozi wawili wakiwa majini. Miguu iliyopooza inaweza kuelea na kumgeuza mtu kifudifudi, na mahali pa kugundua hilo ni ufukweni. Kiti kikibadilishwa, jaribio linarudiwa.

Saa 2 na dakika 40

Siku ya pili ndiyo ilikuwa na kivuko kirefu cha kilomita 10 katikati ya ziwa. Kundi liliondoka saa 12:10 asubuhi na kufika ng'ambo saa 2:50, mwendo wa chini kidogo ya kilomita 4 kwa saa. Sababu ya kuwahi na ya kutosimama ilikuwa nzuri: kwenye maziwa mengi upepo huamka kadiri jua linavyopanda, na mitumbwi wazi yenye vijana haipaswi kukutwa katikati na mawimbi. Kiongozi mkuu alisema jioni iliyotangulia, "Tukiingia majini hatusimami mpaka ng'ambo."

Kwenye kiti mwendo kijana huyu hupumzisha mwili kila dakika 20 au 30 kwa kujinyanyua kwa mikono. Mtumbwini alijaribu mara mbili katika nusu saa ya kwanza. Kujinyanyua huinua uzito wote juu kwa mkupuo, na mtumbwi ukayumba. Kiongozi aliyekuwa kwenye tezi, nyuma ya mtumbwi, akasema "Tulia hapo kati!" kama ambavyo angemwambia yeyote. Kijana akatulia kwa saa mbili zilizobaki.

Zaidi ya hayo, alikuwa ameacha kunywa maji tangu usiku. Hutumia katheta kila baada ya saa 4 hadi 6, hakujua kama ng'ambo patakuwa na faragha, na hakutaka kuwa sababu ya kundi kusimama. Kiongozi alipomuuliza katikati ya ziwa kama yuko sawa, alijibu, "Niko sawa kaka, tusichelewe." Kupunguza maji ili kukwepa choo ni tabia ya kuangaliwa kwa kila kijana kwenye safari, si kwa mwenye katheta tu. Kwa mwenye katheta huleta maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi zaidi, na ngozi ya mwili uliokaukiwa maji huumia upesi.

Ng'ambo alishushwa kwa kuburuzwa juu ya ukingo wa mtumbwi hadi mchangani, akakalia gogo wakati wa kifungua kinywa, kisha wakaendelea kando ya ufuko kwa saa 1 na nusu. Kuburuza ni mvutano uleule wa ngozi, mara hii wenye mchanga. Kuhamisha mtu hufanywa kwa kunyanyua: mmoja nyuma ameshika chini ya kwapa kwa kupitishia mikono mbele na kushika vigasha vya kijana, mwingine chini ya mapaja, mtumbwi umeshikwa na wa tatu, na kijana ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Sponji ingeweza kuwa nzuri zaidi na doa lingetokea vilevile, labda siku moja baadaye. Ratiba iliufanya mwili wa mtu mmoja uwe gharama ya kundi zima, na kijana wa miaka 16 aliyepewa chaguo kati ya ngozi asiyoihisi na kuonekana mzigo mbele ya wenzake atachagua kunyamaza karibu kila mara. Kumlaumu kwa kutosema ni kumtwisha kazi ya mpangaji.

Usiku wa uamuzi

Saa 2 usiku viongozi watatu walikaa pamoja. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza sponji na kuendelea, kwa kuwa siku ya tatu ilikuwa fupi, kilomita 5 tu. Linasikika la busara, lakini doa la hatua ya kwanza linatibiwa kwa jambo moja: kuondoa uzito wote hadi ngozi irudi kawaida. Sponji zaidi hupunguza uzito tu. Ngozi iliyoumia hupasuka kwa mzigo mdogo kuliko ule ulioiumiza, na kidonda kikishafunguka juu ya kitokono kinaweza kumlaza mtu kwa miezi.

Walichofanya usiku huo kilikuwa sahihi. Kijana alilala kifudifudi juu ya magodoro mawili ya kambini, mto mdogo chini ya vifundo ili vidole vya miguu visibanwe. Sehemu ilisafishwa kwa maji na kukaushwa kwa kugusagusa. Haikusuguliwa wala kukandwa, maana kukanda huharibu zaidi nyama iliyoumia. Alikunywa maji. Saa 12 asubuhi, baada ya saa 10 bila uzito, doa lilikuwa limepungua joto lakini halijaondoka.

Kiongozi mkuu akampigia daktari wa zamu kwa simu ya setilaiti. Taarifa yake ilikuwa fupi na inafaa kuwa mfano: umri, usawa wa jeraha, mahali pa doa, upana, ngozi haijapasuka, saa ya kuonekana, matokeo ya dakika 30 na ya saa 10, hana homa, mkojo kawaida. Jibu: asikae. Kambi ile haikuwa na barabara, na njia yoyote ya mtumbwi ilidai kukaa. Boti ya injini ilifika saa 6 mchana, akasafiri amelala kifudifudi, kichwa upande, jaketi okozi limefungwa. Kiongozi wa pili wa msimu alifuatana naye mpaka kwa wazazi wake. Ngozi haikupasuka.

Kabla boti haijaja, kiongozi wa msimu alimuuliza kijana wenzake waambiwe nini na nani awaambie. Akachagua kusema mwenyewe, kwa maneno mawili matatu, bila kutaja mahali. Uamuzi huo ulikuwa wake. Makundi mengi huharibu hapa: watu wazima wanatoa tangazo, na mwili wa mtu unakuwa mazungumzo ya moto wa jioni.

Dakika 3 za kundi zima

Rekebisho kubwa la mpango ni saa ya kundi. Kila dakika 30, filimbi moja na kafi kuinuliwa juu, ili hata kiziwi aione. Mitumbwi yote inasogea na kushikana ukingo kwa ukingo. Kila mtu, bila kubagua, anainama mbele kwa dakika 2 kamili. Kujinyanyua kwa sekunde chache, hata kwenye kiti mwendo, hakutoshi: inachukua karibu dakika 2 kwa nyama iliyobanwa kurudishiwa oksijeni ya damu.

Mtumbwini kuinama ndiyo njia salama, kwa sababu uzito unabaki chini. Kwa jeraha la pingili ya 10 kiuno hakimrudishi mtu kirahisi, kwa hiyo mbele yake uwekwe mfuko mkubwa usiopitisha maji, uliojaa nguo, juu ya mapaja. Anaulalia kwa kifua na kujisukuma kurudi kwa mikono. Mitumbwi ikishikana anaweza pia kuegemea kushoto kisha kulia, mkono ukiwa kwenye ukingo wa mtumbwi wa jirani. Vidole vikae juu ya ukingo, visiingie katikati ya mitumbwi miwili.

Dakika ile ya tatu inalipa mambo mengine: kila mtu anakunywa maji, kiongozi anahesabu vichwa, kata ya kukumbia maji inapita, kijana kiziwi anapata maelekezo ya kipande kinachofuata akiwa anamtazama msemaji usoni, na kijana mwenye usonji ana mpigo wa safari anaoweza kuutegemea. Hakuna anayejua kusimama huku kulianza kwa ajili ya nani, na hilo ni jema.

Je, kivuko kinaruhusu? Piga hesabu. Saa 2 na dakika 40 zina visimamo 5, dakika 15. Upepo mwanana ukiisukuma mitumbwi iliyoshikana kwa kilomita 1.5 kwa saa upande wa nyuma, kila kisimamo kinapoteza mita 75, jumla mita 375, yaani dakika 6 za kupiga kafi. Kwa hiyo ni dakika 21. Kundi liondoke saa 11:45 badala ya 12:10, kama mwanga unatosha, au lizunguke kando ya ufuko. Upepo ukiwa tayari umeanza kiasi kwamba kusimama ni hatari, basi kivuko chenyewe kilikuwa hatari kwa wote 11.

Kwa kivuko kirefu kuna njia bora zaidi: kuunganisha mitumbwi miwili. Miti miwili imara ya mita 2.5 hadi 3 hulazwa kukatisha, mmoja mbele na mmoja nyuma, ikafungwa kwa kamba kwenye boriti za mitumbwi yote miwili, na nafasi ikaachwa katikati ya kupitisha maji na kafi. Kifaa hicho ni kizito kuelekeza na hakifai kwenye mto wenye mawe, lakini hakiyumbi mtu akiinama au akihama mkao. Tena kinamtoa kijana kwenye nafasi ya abiria wa katikati. Anaweza kukaa omo, yaani mbele, na kuweka mpigo wa kafi kwa watu wanne, nafasi ambayo nguvu ya mikono yake ilistahili tangu siku ya kwanza.

Kiongozi wa msimu

Mtu aliyesema "Tulia hapo kati!" hakuwa mzembe. Alifika wiki mbili kabla, akafunzwa kuokoa, kufunga mizigo na kupika, akapewa fomu yenye mistari mitatu. Viongozi wa msimu ndio wanaokaa na vijana mtumbwini, lakini aghalabu ndio wa mwisho kuulizwa. Mambo matatu yangebadilisha siku ile.

La kwanza ni sheria ya kusimama iliyoandikwa kabla ya safari: alama yoyote ya ngozi isiyotoweka ndani ya dakika 30 inamaanisha asikae tena hadi ikaguliwe na ngozi iwe ya kawaida, na kiongozi yeyote anaweza kuitangaza. Usiku ule pendekezo la kuongeza sponji lisingejadiliwa.

La pili ni maswali. "Uko sawa?" lina jibu moja, na kila kijana analijua. "Umeinama mara ngapi tangu tuondoke?" na "Chupa yako imebaki kiasi gani?" yanajibiwa kwa namba. Yaulizwe kwa kila mtumbwi.

La tatu ni jaribio la kukaa, wiki mbili kabla ya safari, nchi kavu. Mtumbwi huwekwa mchangani, kiti hujengwa, na kijana hukaa dakika 30 akiwa na nguo na jaketi la safari. Ngozi inakaguliwa naye mwenyewe au mzazi, mara moja na tena baada ya nusu saa. Ikiwa safi, siku nyingine dakika 60, kisha 90, daima pamoja na kuinama kila dakika 30. Alama ikibaki, kiti kinabadilishwa na jaribio linaanza tena kwenye dakika 30. Kijana huyu akirudi msimu ujao ataanza hapo hapo, ila baada ya ngozi kupona kabisa na mtaalamu wake wa afya kumruhusu kukaa, na picha ya kiti kilichofaulu, pamoja na vipimo vya kila tabaka la sponji, ibandikwe kwenye fomu yake chini ya ile mistari mitatu.